Chumba Kisicho na Kelele

Kwa miaka kumi na tisa, kila aliyepiga simu kiwanda cha rangi alipokelewa na sauti moja. "Haloo," ilisema, ikiivuta ile o ya mwisho kana kwamba tangu asubuhi ilikuwa inakungoja wewe tu. Wafanyakazi wenzake wakampachika jina hilohilo, Haloo, likamganda. Hata mkurugenzi alimwita hivyo mbele ya wageni. Alikaa mapokezi nyuma ya dawati refu, swichibodi mkono wa kushoto, daftari la wageni mkono wa kulia, na alijua nani aunganishwe na nani, na nani aambiwe bosi yuko mkutanoni hata kama bosi amesimama hapo hapo anatafuna karanga.

Siku moja wakafunga mashine ya kupokea simu. Ukipiga simu, unaambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili. Haloo akapewa barua, akashikwa mkono, akaombwa jambo moja la mwisho: arekodi maneno ya hiyo mashine, maana sauti yake wateja walishaizoea. Akarekodi. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Kufika saa sita alikuwa ameshakabidhi funguo za droo.

Hilo peke yake angelimeza. Alikuwa na miaka arobaini na minne, ana barua ya sifa njema, na mji ulikuwa na madawati mengine. Lakini wiki ya tatu baada ya kuachishwa, mama yake alianguka bafuni akiwa na mswaki mdomoni. Kiharusi. Upande wote wa kushoto ukafa, mkono na mguu, na mdomo ukaenda kando. Ulimi ulipona, mzito kidogo. Mama huyo alikuwa amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi, na sauti yake ilizoea kuvuka uwanja wa shule. Sasa ilikuwa imelala kitandani chumba cha ndani, inaita maji, inaita mto, inaita mgongo unawaka, fungua dirisha, funga dirisha.

Hapakuwa na mwingine wa kuitika. Baba alishafariki. Mdogo wake Haloo, kitindamimba wa nyumba hiyo, alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku nzima, na msaada wake ulikuwa kupiga simu na kutoa ushauri.

"Dada, mgeuze kila baada ya saa mbili, atapata vidonda."

"Namgeuza."

"Na usimwache peke yake hata kidogo."

Haloo alijibu huku simu ameibana kwa bega, mikono yote miwili ikiwa chini ya mgongo wa mama yao.

Kazi ya kutoka nje, basi, hakuna. Ilibaki ya kufanyia nyumbani, ambayo watu walikuwa wakiizungumza kama embe lililoiva ambalo kazi yako ni kuliokota tu. Pale kona ya mtaa kulikuwa na duka la steshenari, na mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alikuwa amewaandikia sivii nusu ya watu wa mtaa ule. Mama yake alipopitiwa na usingizi wa mchana, Haloo alimwendea huyo wa duka.

"Umri usiandike," mama wa steshenari alimwambia akichapa. "Wataujua mbele ya safari."

"Na ujuzi wa kompyuta?"

"Unaujua?"

"Nilikuwa naandikia barua za bosi."

"Basi unaujua sana." Akaandika *sana*.

Tangu hapo Haloo akaingia kwenye kazi ya kutafuta kazi, nayo ni kazi kweli. Aliomba akikoroga dawa, akisubiri maji yachemke, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake akimlisha kwa mkono wa kulia na kubonyeza kwa kidole gumba cha kushoto. Aliomba kujibu barua pepe za maduka, kuandika yaliyosemwa kwenye rekodi, kupanga ratiba za mabosi ambao hatawaona maishani. Fomu moja ilimla nusu saa nzima, mpaka majina ya wadhamini watatu, kisha ukurasa wa mwisho ukamwambia nafasi hiyo haipatikani katika nchi aliyopo. Kampuni nyingine ilimpa jaribio: aandike neno kwa neno mkutano wa watu saba wanaobishana juu ya viti vya ofisi. Ilimchukua siku mbili, akatuma akiwa na shingo imekakamaa. Hawakumjibu. Wiki mbili baadaye akaona tangazo lao tena, na jaribio lao tena, safari hii ni mkutano mwingine. Akaelewa kwamba waombaji ndio waliokuwa wakifanya kazi yenyewe.

Halafu akapokea ujumbe kwamba amechaguliwa bila usaili, ila atume kwanza ada ya usajili. Alikimbia na simu mpaka kwa mama wa steshenari.

"Umewahi kuona wapi mwajiri anamdai mwajiriwa?"

"Lakini barua ina nembo."

"Nembo hata mimi nakuchapia sasa hivi. Unataka ya rangi?"

Wote wawili wakacheka. Haloo alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye boksi la karatasi, na pale kwenye boksi kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na mama wa steshenari akajitia anapekua faili ili asimtazame.

Mwezi wa tano ndipo simu ya kweli ilipoita. Kampuni ilikuwa inapokea malalamiko ya wateja kwa niaba ya wasafirishaji wa mizigo: mzigo umechelewa, mzigo umevunjika, mzigo umepelekwa nyumba ya jirani. Msimamizi alimfanyia usaili kwenye video. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi, nyuma yake ukuta mweupe. Alipomsikia Haloo akisema maneno mawili tu, akainua kichwa.

"Sauti yako mama ni ya kazi hii," alisema. "Sasa nisikilize vizuri. Wiki mbili za majaribio. Laptopu na hedifoni tunakuletea. Unakaa saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi, mapumziko unapewa na mfumo. Jambo tusilovumilia ni kelele. Mteja akisikia jogoo, mtoto, redio, anajua yuko sebuleni kwa mtu. Tunasikiliza rekodi zote. Kelele ya kwanza, tunaandika. Ya pili, tunaandika. Ya tatu, tunaagana. Una chumba tulivu?"

"Ninacho," alisema Haloo.

Hakuwa nacho. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vilivyopangana, cha mbele na cha ndani, na ukuta wa kati haukufika juu. Kati ya tofali la mwisho na bati palikuwa na uwazi wa mkono mmoja, na kupitia uwazi huo hata mtu akijikuna upande wa pili unamsikia. Upande wa pili wa chumba cha ndani, ukuta kwa ukuta, alipanga fundi cherehani.

Haloo alipigilia mablanketi mawili kwenye ukuta wa kati na kuziba uwazi kwa magodoro ya zamani aliyoyakata kwa kisu. Kisha akaenda kwa fundi.

"Mpaka saa kumi?" fundi aliuliza.

"Mpaka saa kumi, fundi. Wiki mbili tu, kisha tutaona."

Fundi aliitazama mashine yake, akaitazama sura ya Haloo, akaikokota mashine mpaka barazani, upande wa pili wa nyumba, kwenye jua. Ndani akaacha vitambaa na pasi tu.

Mama yake alipoelezwa, alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Miaka yote ile nimewaambia watoto wa watu nyamazeni," alisema. "Leo zamu yangu. Nisimame na ukutani?"

"Utaweza, Mama?"

"Mimi ndiye mwalimu. Wewe ndiye wa kuogopa."

Lakini mwili wa mgonjwa haufundishiki. Siku ya pili, Haloo akiwa anamsomea mteja namba ya mzigo, sauti ikaruka juu ya magodoro: "Mwanangu! Maji!" Jioni kukaja ujumbe kwenye laptopu wenye mstari mmoja mwekundu. Siku ya nne, mguu ule uliokufa ukabanwa na misuli, kama ulivyokuwa ukibanwa mara kwa mara, na mama akapiga yowe kabla hajajua anapiga. Mteja akauliza, "Kuna mtu anaumwa hapo?" Haloo akajibu kwa ile sauti yake laini kwamba ni hitilafu ya laini. Mstari wa pili mwekundu.

Alipovua hedifoni siku ile alikwenda chumba cha ndani akasimama mlangoni. Mtungi wa gesi ulikuwa umekauka tangu juzi. Mwenye nyumba alikuwa amepita mara mbili. Kulikuwa na mambo mengi nyuma ya maneno aliyoyasema, lakini maneno yenyewe yalikuwa yake.

"Mama, ukifungua mdomo mara nyingine, ujue umetuua wote wawili."

Mama yake alimtazama. Macho yake yalikuwa yale yale ya kumtazama mtoto aliyesema neno chafu darasani, yanamngoja ajirekebishe mwenyewe. Haloo hakujirekebisha. Aligeuka akaenda kuosha vyombo.

Baada ya hapo chumba cha ndani kilinyamaza. Kila mapumziko, dakika kumi, Haloo aliingia mbio: geuza, futa, badilisha nepi, nywesha, rudi. Alishangaa mama yake alivyokuwa mwepesi wa kuhudumiwa. Nepi zilikuwa karibu kavu. Siku ya tisa ndipo alipogundua kwamba glasi ya maji anayomletea inarudi vilevile.

"Kunywa, Mama."

"Sina kiu."

"Tangu asubuhi?"

"Nikinywa nitataka kujisaidia. Nikitaka kujisaidia nitakuita. Nenda, dakika zako zinakwisha."

Zilikuwa zinakwisha kweli. Alikwenda. Alijiambia jioni atamnywesha ya kutosha, na jioni alimnywesha, na mama alikunywa kama mtu aliyevuka jangwa. Jambo hilo Haloo aliliona, akaliweka kando. Zimebaki siku chache, alijiambia. Nikithibitishwa nitatafuta mtu wa kukaa naye.

Siku ya mwisho ya majaribio mfumo ulizidiwa. Ghala moja lilikuwa limechanganya mizigo ya wiki nzima, na watu walipiga simu kwa maelfu. Saa nne, wakati wa mapumziko ya kwanza, ukatokea ujumbe wa msimamizi: foleni ni ndefu, mapumziko yamesogezwa, tunaomba uvumilivu wenu. Haloo akajibu *sawa*. Muda mfupi baada ya saa tano unusu alikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akilia kwa sababu viatu vya harusi yake havijafika na harusi ni kesho.

Hapo ndipo aliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Ni kama gunia limetuliwa chini, upande wa pili wa magodoro, kisha kimya.

"Haloo? Bado upo?" mwanamke wa viatu aliuliza.

Haloo aliganda. Akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Fundi, alijiambia, ameingia ndani, ameangusha jora la kitambaa. "Nipo, dada yangu," alisema kwenye simu. "Nakusikiliza. Twende pole pole, nipe namba ya mzigo."

Wakapata viatu. Vilikuwa kwenye gari lililokuwa njiani. Mwanamke akamwombea kila la heri. Simu iliyofuata ikaingia papo hapo, na iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara kabla ya kusema haloo alitega sikio upande wa ukuta, na kila mara ukuta haukusema kitu. Mapumziko yalikuja saa nane na dakika tano.

Mama yake alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, amelalia ule upande uliokufa, mguu umekwenda upande ambao mguu hauendi. Alikuwa amejaribu kufikia ndoo ya kujisaidia peke yake. Pembe ya shuka aliijaza mdomoni, akaiuma kwa meno aliyobaki nayo, na shuka ilikuwa imelowa mate na damu kidogo ya fizi. Haloo alipoitoa, mama akavuta pumzi ndefu.

"Umemaliza?"

"Mama! Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa kazini."

Haloo akapiga ukuta kwa ngumi zote mbili na kumwita fundi kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Fundi akaja mbio na tepu ikiwa bado shingoni, akambeba mgonjwa mgongoni mpaka barabarani. Barazani, kitambaa alichokuwa akishona tangu asubuhi kilikuwa bado chini ya sindano. Haloo alikiona akipita.

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na kwa hali ya moyo wake hawawezi kumpasua. Pia alikuwa amekaukiwa maji mwilini. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni, aliuliza ilikuwaje.

"Nilikuwa nimetoka kuchota maji bombani," Haloo alisema. "Niliporudi nikamkuta chini."

"Alikaa chini muda gani?"

"Kama robo saa."

Mama alikuwa amelala hapo kwenye machela, macho wazi, anasikia.

Wakati wakingoja kitanda wodini, simu ya Haloo ilitetemeka. Ilikuwa barua pepe ya msimamizi. Hongera, ilisema; umefaulu majaribio. Lugha kwa wateja, bora. Uvumilivu wakati wa foleni, bora. Mazingira ya kazi, wiki yote ya pili, hakuna kelele hata moja. Kuhusu kuondoka kituoni saa nane leo, tumeelewa kuwa una dharura, isijirudie. Tunakungoja Jumatatu.

Na Jumatatu alikwenda, yaani alikaa. Angefanya nini? Hospitali ilitaka dawa, dawa zilitaka kazi. Mke wa fundi alikubali kukaa na mgonjwa mchana, wodini na baadaye nyumbani. Kwa hiyo mambo yalipangika, kwa jinsi ambavyo yangeweza kupangwa tangu mwanzo kama angethubutu kuomba, na wazo hilo lilimkalia Haloo kifuani kila alipomwona mwanamke yule akiingia asubuhi na mfuko wake wa kufuma.

Kilichomshinda ni kimya. Mama yake alirudi nyumbani, lakini hakuita tena. Mke wa fundi alimhudumia kwa kukisia. Jioni Haloo alizima laptopu, akafungua mlango wa kati, akasema, "Mama, nimemaliza. Ita tu. Piga kelele unavyotaka." Mama aliinua kidole cha mkono mzima, ishara ya kwamba amesikia. Akitaka maji alitazama glasi. Mguu ukimbana, alifumba macho na jasho likamtoka usoni, basi. Jumapili moja Haloo alipiga magoti kando ya kitanda na kumwomba msamaha kwa lile neno. Mama alimshika kichwa kwa mkono ule mmoja, akakaa hivyo kwa muda, lakini kama alisamehe au alikuwa anambembeleza tu kama mtoto wa darasa la kwanza anayelia, Haloo hakujua, maana mwenyewe hakusema.

Aliishi wiki kumi na moja. Alikufa asubuhi ya siku isiyo ya kazi, katikati ya kulishwa. Kijiko cha tatu hakukimeza.

Kampuni ilimpa siku tatu. Mdogo wake alikuja, akalia kwa nguvu, akapokea wageni, akabaki baada ya mazishi kusaidia kupanga vitu. Alasiri moja walikuwa wamekaa sakafuni chumba cha ndani wakikunja nguo za marehemu.

"Jambo moja silielewi, dada," mdogo mtu alisema. "Mama na sauti yake ile. Majirani hawakusikia? Mtu avunjike nyonga asipige hata yowe?"

"Nilimkataza."

"Ulimkataza nini?"

"Kupiga kelele. Nilimwambia ataniua." Haloo alilaza gauni mapajani, akalinyoosha, akalinyoosha tena. "Na sikuwa bombani kama nilivyowaambia. Nilikuwa hapo, upande wa pili wa ukuta. Nilisikia alipoanguka."

Mdogo wake aliacha kukunja. "Ulisikia?"

"Nilisikia kishindo. Nikajiambia ni fundi. Nilijua fundi yuko nje. Mimi ndiye niliyemwomba atoke."

"Ukakaa muda gani?"

"Saa mbili na nusu."

Mdogo mtu aliinuka akatoka. Haloo alimsikia uani akifungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu bila ndoo. Aliporudi uso ulikuwa umelowa, na hakukaa tena karibu naye bali upande wa pili wa rundo.

"Ungeniambia nije," alisema.

"Ungekuja?"

Mdogo mtu alivuta nguo nyingine. Walimaliza kukunja. Kesho yake alipanda basi akaenda zake, na kwenye kuagana walikumbatiana kama watu wanaokumbatiana mbele ya wengine.

Haloo bado anafanya kazi ile. Watu wa mtaa humwambia ana bahati: kazi ya kukaa, haina vumbi, haina bosi wa kukusimamia kichwani. Mama wa steshenari huwaonyesha waombaji wapya mlango wake kama ushahidi. Mwaka ulipogeuka, kampuni ikampandisha: asipokee simu tena, asikilize rekodi za walio kwenye majaribio na kuweka alama za kelele. Alifanya siku mbili. Siku ya tatu asubuhi akasikiliza rekodi ya mwanamke mmoja, sijui wa wapi, anamweleza mteja habari za mzigo, na nyuma yake, mbali, mtu mzima anakohoa na kukohoa bila kupata nafuu. Fomu ilikuwa wazi mbele yake. Aliirudia rekodi mara nne, kisha akampigia msimamizi.

"Nirudishe kwenye simu."

"Lakini hicho ni cheo, mama. Wenzako wanakililia."

"Najua. Nirudishe."

"Na hii rekodi uliyonayo?"

"Haina kelele," alisema Haloo, akaifunga.

Wakampa mtu mwingine aisikilize.